Mwana wa dadangu ataka tuhame WordPress, Maalim hataki. Nishike la nani?

Mjomba, assalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Mombasa, Kibokoni. Naendesha tovuti ndogo ya habari za mji. Si ya siasa. Watu waja kwetu kwa mambo ya kila siku: saa za maji kujaa na kupwa, bei za Marikiti na Kongowea, taarifa za feri ya Likoni, matangazo ya harusi na, zaidi ya yote, taarifa za misiba. Mtu akifiwa usiku, kabla ya alfajiri jamaa wa Lamu, wa Malindi na hata walioko Uarabuni wameshaona kwetu mazishi ni saa ngapi na ni makaburi gani. Maduka machache hututangazia, na pesa hizo ndizo zinazolipia hostingi na kuwapa watu wangu wawili kitu kidogo.

Tovuti iko kwenye WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, tangu tuanze. Anayeandika sana ni Maalim, mwalimu mstaafu. Kompyuta aliijulia ukubwani, lakini dashibodi ile ameizoea kama chumba chake. Aandika, abonyeza kitufe cha kuhakiki, asoma taarifa yote kwa sauti ya chini, kisha ndipo aitoa.

Sasa shida. Ramadhani iliyopita tovuti iliingiliwa. Mtu akifungua taarifa ya msiba apelekwa kwenye tangazo la kamari. Mjomba, wajua aibu ile ilivyokuwa. Ikasafishwa, lakini imebaki nzito, hasa kwenye simu za bei nafuu. Wavuvi wanilalamikia kwamba jedwali la maji likija kufunguka bando nalo limekwisha.

Mwana wa dadangu amesomea mambo haya na ni kijana hodari. Yeye asema WordPress imepitwa na wakati, tuhamie mfumo wa hedlesi: maandishi yetu yakae kwenye huduma ya nje inayolipiwa dola kila mwezi, na sura ya tovuti aijenge upya kwa Next.js, zana ya mafundi ya kujengea tovuti. Asema itakuwa nyepesi, haitaingiliwa tena, na baadaye tutatoa apu na kuweka skrini ya saa za maji kwenye mkahawa wa jamaa zetu, vyote vikisoma mahali pamoja. Alinionyesha mfano, na kweli ulifunguka papo hapo.

Maalim akaketishwa ajaribu. Akaona visanduku vya kujaza: jina, maelezo, tarehe. Akajaza. Akatafuta mahali pa kuiona taarifa itakavyotoka, asipaone. Akasema, "Mimi sitoi jina la marehemu bila kuliona kwanza," akachukua kofia yake akaenda zake.

Dadangu naye kanipigia simu, asema namvunja mwanawe moyo. Na kijana mwenyewe amepata kazi Doha, aondoka baada ya miezi michache, ingawa asema ataiangalia kutoka huko huko. Pesa tulizo nazo ni za kufanya jambo hili mara moja tu. Nishike la nani?

Mhariri wa Kibokoni


Wa aleikum salaam, mwanangu.

Bakini kwenye WordPress kwa sasa, muitengeneze ilivyoharibika, na kijana umpe sehemu ya kazi inayoufaa ujuzi wake. Najua jibu hili likifika kwa dadako peke yake litaonekana ni la kumkataa mtoto, kwa hivyo soma na sababu zake, na ikibidi umsomee.

Kwanza tuelewane hedlesi ni nini hasa. WordPress, Joomla na Drupal hufanya kazi mbili ndani ya nyumba moja: kuyahifadhi maandishi, na kuyavalisha sura anayoiona msomaji. Ni mkahawa: kinachopikwa ndani kinaandaliwa mezani papo hapo. Hedlesi ni jiko la shughuli. Biriani linapikwa uani, kisha sinia zinabebwa nyumba hii na ile, na mpishi hana habari litaliwa ukumbini au barazani. Uzuri wake ni huo, kwamba nyumba nyingi zinakula kutoka jiko moja. Lakini wa kubeba na wa kuandaa utawatafuta mwenyewe, na kila nyumba inataka wake.

Kwa lugha ya kazi, maandishi yanakaa kwenye ghala, yanatoka kupitia API, yaani mlango wa programu moja kuiomba nyingine data, yakiwa data tupu isiyo na sura, na programu nyingine unayoijenga kando inayachukua na kuyageuza kurasa. Contentful iliyoanzia Berlin na Sanity ya Norway ni huduma za namna hiyo, na Strapi ni programu huria unayoweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Ni mifumo mizuri. Kijana hakukudanganya.

Ila sikiliza alichosema Maalim, kwa sababu amegusa penyewe. Ndani ya WordPress, ghala na sura vinajuana, ndiyo maana kitufe cha kuhakiki kinaweza kumwonyesha ukurasa kamili kabla haujatoka. Ukivitenga, ghala halijui tena ukurasa utafananaje. Uhakiki unawezekana, Next.js ina njia yake na huduma hizo zina zao, lakini ni kazi ya kujengwa, kujaribiwa na kutunzwa. Katika mfano ule haikuwa imejengwa. Na kwenu si pambo. Jina la marehemu likikosewa herufi, au sala ya adhuhuri ikaandikwa alasiri, watu watafika makaburini wakute mchanga umeshafukiwa. Maalim anapoisoma taarifa kwa sauti ya chini ndipo tovuti yenu inapopata kuaminiwa. Mfumo wowote utakaomwondolea hatua hiyo, hata ufunguke kwa kasi gani, umewapunguzia.

Si uhakiki peke yake. Fomu ya kuwaandikia, kisanduku cha kutafuta, nafasi za matangazo ya maduka, maelezo yanayoonekana mtu akituma linki kwenye WhatsApp, ramani ya tovuti kwa ajili ya Google: WordPress inayo yenyewe au plagini, programu ndogo ya kuongezea, inayaleta kwa kubonyeza. Upande wa hedlesi kila kimoja ni kazi ya fundi. Na fundi anakwenda Doha.

Hapo ndipo uzito ulipo kwangu. Mtoto wa watu anakwenda kuanza kazi mpya ugenini, na mwajiri mpya hataki kusikia kwamba tovuti ya halati wake Kibokoni imegoma. Anasema ataiangalia, na najua anasema kwa moyo safi. Lakini ikikwama usiku wa Alhamisi, na kuna maziko Ijumaa asubuhi, utampata nani? Fundi wa WordPress utampata Tudor, Nyali, hata Mtwapa, kwa sababu zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zimejengwa juu yake, na tangu ilipotolewa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little watu wengi wamejifunza kuitengeneza. Wa Next.js wapo pia mjini, lakini atakayekubali kuja kuokota kazi iliyoanzishwa na mwenzake, isiyo na maelezo, atakutoza kwa uchungu wa kuifahamu kwanza.

Gharama sitaikawiza. Kwenye hedlesi mnakuwa na sehemu mbili za kulipia na mbili za kuharibika: ghala, na mahali sura inapokaa. Huduma za kulipia mara nyingi huanza bure, kisha bei hupanda kulingana na idadi ya waandishi, ya taarifa mlizoweka na ya mara zinapoombwa. Tovuti yenu inatoa taarifa ndogo ndogo nyingi kila siku. Mapato yenu ni shilingi na bili itakuwa dola.

Tuje kwenye yaliyokuumiza, maana hayo mawili, kuingiliwa na uzito, yana dawa bila kuhama.

Kamari iliyowapeleka wasomaji pabaya karibu kila mara huingia kupitia plagini au thimu, yaani vazi la tovuti, iliyoachwa bila kusasishwa, au nenosiri jepesi. Fundi akae aangalie plagini zote. Isiyotumika ifutwe kabisa, kuizima hakutoshi. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress inaweza kuzisasisha plagini bila kungoja mtu abonyeze, basi kiwashwe kipengele hicho. Tazameni orodha ya watumiaji: akiweko msimamizi msiyemjua, mtoeni, kisha kila mmoja abadilishe nenosiri, Maalim pia. Na muulizeni mwenye hostingi seva inaendesha toleo gani la PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa WordPress. Likiwa 7.4, hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, na kukaa nalo ni kulala mlango wazi. Nakala ya akiba itoke kila usiku na ihifadhiwe nje ya seva ile ile.

Kijana atasema hedlesi haina mambo haya. Ni kweli kwamba chumba cha kuandikia kinakaa mbali na macho ya watu, na hilo linasaidia sana. Lakini Next.js nayo imejengwa juu ya vifurushi vingi vya watu wengine, navyo vinataka kusasishwa. Machi 2025 lilitangazwa tundu ndani ya Next.js yenyewe lililomwezesha mtu kuruka ukaguzi wa ruhusa, na waliokuwa wakiiendesha kwenye seva zao iliwabidi wasasishe upesi. Kwenye WordPress Maalim mwenyewe anaweza kubonyeza sasisha. Kule anahitajika anayejua anachokigusa.

Kuhusu uzito, mfano ulikuwa mwepesi kwa sababu kurasa zake zilikuwa zimeshatengenezwa kabla ya msomaji kuziomba, na pia kwa sababu ulikuwa mtupu. Muombe autie taarifa zenu zote, matangazo ya maduka na picha za harusi, kisha mfungue kwenye simu ya mvuvi. Utabaki mwepesi kuliko tovuti yenu ya leo, sikatai, ila tofauti haitakuwa ile uliyoiona. Ile mbinu ya kurasa zilizotengenezwa tayari inapatikana kwenye WordPress pia kwa plagini moja nzuri ya keshi, inayoweka nakala za kurasa tayari, na mbele yake Cloudflare, huduma ya kumpelekea msomaji kurasa kutoka kituo kilicho karibu naye, ambayo ina kituo hapa hapa Mombasa. Google inahesabu kuwa ukurasa ni wa kasi nzuri ikiwa kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Pimeni kwenye PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, kabla na baada, upande wa simu.

Halafu kuna lile jedwali la maji. Unaposema linakula bando nakisia mnalipandisha kama picha, iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye karatasi. Picha moja ya namna hiyo inaweza kuwa megabaiti tatu au nne. Na mvuvi anataka nini? Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, basi anataka saa nne na urefu wa mita wa kila moja, na kujua kama ni bamvua au maji mafu. Maneno hayo hayafiki hata sehemu ya elfu ya uzito wa picha. Badili jambo hili moja na wavuvi wako watakushukuru wiki ile ile.

Na hapa ndipo ninapomtaka mwana wa dadako, kwa sababu wazo lake lililo bora kuliko yote halikuwa Next.js. Lilikuwa kwamba kitu kimoja kiandikwe mara moja, kisomwe popote. Hilo linataka maandishi yaliyopangwa kwa visanduku, na WordPress inaweza kupangwa hivyo tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, kwa kuunda aina mpya za machapisho. Atengeneze aina iitwayo Maji, yenye tarehe, saa, urefu, kujaa au kupwa. Saa ihifadhiwe mara moja kwa namna ya kompyuta, 04:10, kisha kwenye skrini ya mkahawa itoke "saa kumi na dakika kumi alfajiri" kama watu wanavyosema. Atengeneze Msiba: jina la marehemu, mtaa, msikiti wa kusaliwa, makaburi, saa, namba ya jamaa. Kisanduku cha namba kikiwa peke yake, mnaweza kukiamuru kijifute mazishi yakishapita. Namba ile ni taarifa binafsi ya mtu aliye hai, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka isikae hadharani bila sababu. Atengeneze Bei pia, ya nyanya, ya nazi, ya samaki, ili baada ya mwaka muweze kuonyesha nazi ilipanda lini. Leo bei zenu zimezama ndani ya aya, hakuna programu itakayozifikia.

Jioni moja keti naye, fungua kivinjari, andika anwani ya tovuti yako na uongeze mwishoni mwake /wp-json/wp/v2/posts. Kama hakuna plagini iliyopaziba, utaona taarifa zako kumi za mwisho zikiwa data tupu, mabano na koma, bila rangi wala sura. Mlango huo umo ndani ya WordPress tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016. Maana yake ghala la hedlesi unalo tayari. Zile aina mpya na visanduku vyake havipiti mlangoni vyenyewe, sharti viruhusiwe, na kijana anajua kuviruhusu.

Basi kazi yake iwe hiyo: apange visanduku, kisha ajenge skrini ya mkahawani inayosoma saa za maji kupitia mlango ule. Aijenge kwa Next.js akipenda. Ikikwama yeye yuko Doha, skrini moja itazimika na wanywa kahawa watauliza. Taarifa za misiba zitaendelea kutoka, na Maalim atahakiki kama kawaida.

Sisemi msihame kamwe. Mkija kuwa na apu inayotumiwa kweli, na mapato ya kumlipa fundi wa kudumu aliye mjini, nitakuwa wa kwanza kukuambia utenge sura na ghala. Hata wakati huo mnaweza kulibakisha ghala likawa WordPress hiyo hiyo, sura tu ikajengwa upya, na Maalim asibadilishiwe chumba. Kitu kimoja mkilinde siku hiyo: anwani za kurasa za zamani. Taarifa zenu zimetumwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka, na zote zitakufa anwani zikibadilika bila kuelekezwa upya.

Ya dadako: usimjibu yeye kwanza. Muite kijana, na umuite Maalim. Kijana akae pembeni bila kushika kompyuta, amtazame Maalim akiandika taarifa ya msiba tangu simu inapoingia mpaka inapotoka: anavyomuuliza jamaa jina la babu mara mbili, anavyorudi nyuma kurekebisha msikiti. Mtengenezaji yeyote mzuri akiona hivyo atajua mwenyewe visanduku vya Msiba vipangweje, na Maalim ataona kwamba ameulizwa. Dadako akisikia kutoka kwa mwanawe kwamba amepewa kazi yenye jina lake juu yake, atatulia.

Na kabla kijana hajapanda ndege, fungua akaunti mliposajilia domeni, yaani jina la tovuti, na uangalie imeandikwa jina la nani na barua pepe ya nani. Ikiwa ni yake, ihamishwe kwako sasa, pamoja na akaunti ya hostingi, ya Cloudflare, na mahali alipohifadhi programu ya skrini. Aandike ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, na fundi mwingine wa hapa mjini ausome mbele yenu na ajaribu kuiwasha skrini kwa kuufuata huo tu.

Mjomba